Bega la Nyumba ya Loyi

Loyi hakuwapenda watu wa kamba, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka neno moyoni, kila mtu kuanzia soko la Mpondwe hadi kanisani mlimani alilijua hilo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa muhogo. Juu ya mji wa Bwera, pale mlima unapoacha mzaha, kuna jabali ambalo wanawake wa mtaa huo wamelitumia miaka na miaka kuanikia. Ubavu wake mmoja unashuka wima kuelekea bondeni, lakini juu yake ni tambarare, na jua likishalipata vizuri, muhogo uliolowekwa hukauka upesi ukawa tayari kutwangwa unga wa obundu, ule ugali ambao mtu wa huko asipoula huona hajala. Wenyewe waliliita Jiwe la Mihogo. Loyi aliolewa hapo kutoka Kyondo, mama mkwe wake akamwonyesha kipande cha kuanikia, na tangu hapo alikihesabu kipande kile kuwa chake kama kitanda chake kilivyokuwa chake.

Mwaka 2013 akatokea Zedekia na kamba zake. Zedekia alikuwa mzaliwa wa hapo hapo. Aliwahi kuwabebea mizigo wageni wanaopanda Rwenzori, kisha akaingia jeshini, kisha akarudi nyumbani na sauti iliyosahau kunong'ona, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo walimwita Afande. Alikuja na kamba zilizoachwa na wageni, kofia ngumu za kila rangi, na ubao uliosema kwamba hapa ni Klabu ya Kupanda Miamba ya Kasese na Bwera. Kila Jumamosi vijana walifika, wengine kwa bodaboda kutoka Kasese mjini, wengine wakivuka mpaka kutoka upande wa Kongo. Walijifunga mikanda viunoni, wakalipanda jabali kwa mbele, ilhali kwa nyuma kulikuwa na njia nzuri ya miguu.

"Mutu anaacha njia, anapita kwa ukuta kama mjusi," Loyi alilalamika kwa yeyote aliyesimama karibu. "Halafu akifika juu, anakanyaga muhogo yangu."

Siku moja waliishiwa na ule unga wao wa kukaushia jasho la viganja. Kijana mmoja wa Kasese mjini akaona muhogo mweupe umetandazwa pale juu, akasugua mikono yake humo kwa raha zake. Alipopanda mara ya pili jasho na wanga vilikuwa vimekuwa gundi, na vidole vyake vikawa haviachani. Loyi alimfukuza mpaka kanisani, na kicheko cha Zedekia kilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Kicheko hicho Loyi hakukisahau.

Lakini mtaa uliwapenda watu wa kamba, na sababu ilikuwa machela.

Gari halifiki kule, na bodaboda ikijitahidi sana inaishia kanisani mvua isipokuwepo. Kwa hiyo mgonjwa wa mlimani hubebwa mabegani hadi barabarani. Ili kazi hiyo isiwaangukie wenye huruma peke yao, kila nyumba hutoa bega. Penye kanisa limening'inizwa rimu la gurudumu la lori bovu, na likigongwa kwa jiwe watu huacha majembe wakaja. Kabla machela haijainuliwa, kiongozi huita nyumba, haiti watu. Nyumba ya fulani? Aliyetoka katika nyumba hiyo huitikia: Iko. Nyumba ikiitwa mara nyingi bila kujibu, mwishowe huachwa kuitwa, na mwenye nyumba isiyoitwa huona aibu hata kulisogelea lile rimu. Tena bega moja ni la nyumba moja. Mzee Asanasio, mwenye wake wawili, aliwahi kuitikia nyumba zake zote mbili kwa pumzi moja. Alichekwa mpaka akaenda kumwomba shemeji yake aje kuwa bega la pili.

Zedekia alipoanzisha klabu, machela iliangukia mikononi mwake bila mtu kupiga kura. Vijana wake walikuwa na nguvu na walijua mafundo, na penye korongo walimteremsha mgonjwa kwa kamba badala ya kuzunguka nusu siku. Mackline wa zahanati, ambaye wote walimwita Musawo, yaani daktari, alijiunga akawafundisha jinsi ya kufunga mguu uliovunjika. Upepo ulipong'oa mabati ya kanisa, watu wa kamba ndio waliopanda kuyarudisha. Watoto walijifunza kwao kusimama imara mahali penye utelezi. Ungezunguka mtaa mzima kumtafuta mwenye neno baya juu yao, ungerudi na Loyi peke yake.

Ukweli ni kwamba muhogo ulikuwa kisingizio. Loyi alizaa mabinti tu: Masika, Biira, Kabugho na Mbambu, majina yakifuatana kama yanavyofuatana kwa Wakonzo wote, hivi kwamba ukisikia mtu anaitwa Mbambu unajua bila kuuliza kuwa dada zake watatu wametangulia. Mmoja aliolewa Hamukungu kwenye samaki, mmoja Kitswamba, mmoja aliuza nguo Kampala, na Mbambu aliolewa Kasese mjini. Mvulana hakuja. Bega la nyumba lilikuwa la mumewe, Syahuka, na Syahuka alipokufa wazee walimjia Loyi na maneno matamu, kwamba yeye ni mjane na machela wamemsamehe. Walidhani wanamfariji. Loyi alisikia kwamba nyumba yake imefutwa. Aliwapa chai, akawasindikiza, na tangu siku hiyo rimu likilia alijifungia jikoni na kutwanga muhogo kwa kishindo ili asisikie nyumba za wenzake zikiitwa. Na kila alipotwanga aliwaza jambo lilelile: siku mmoja wa mabinti zangu akilala kwenye machela, nani atainua?

Loyi alimpata Gracien sokoni Mpondwe, mwishoni mwa 2014, wakati watu wa upande wa Beni, kule Kongo, walipokuwa wakivuka kwa makundi, wakikimbia mambo ambayo hawakupenda kuyasimulia. Alikuwa kijana mrefu mwenye mfuko wa plastiki na spana moja. Mvua ilianza kunyesha Loyi akihangaika na gunia lake, kijana akalibeba bila kuombwa, akalifikisha hadi nyumbani mlimani. Loyi alimpa chakula. Alipoona anataka kulala barazani, alimfungulia chumba cha stoo na kumtolea kitanda cha Syahuka.

Wangeweza kusemezana kwa Lhukonzo, maana Kinande cha Gracien kilikuwa ndugu wa damu wa lugha hiyo, lakini Gracien alikulia mjini na Kiswahili ndicho kilichomtoka kwanza. Alipata kazi ya kutengeneza pikipiki Bwera, akawa anarudi jioni na mkate. Baada ya muda akajiunga na watu wa kamba. Loyi alinuna wiki nzima, kisha akazoea. Asichozoea ni matope. Siku nyingine, katikati ya wiki, Gracien alirudi ametapakaa tope hadi masikioni, bega limechubuka, na maelezo yake hayakueleweka.

"Unatoka wapi?" Loyi alimuuliza.

"Ku mazoezi, Mama."

"Mazoezi gani ya siku ya kazi? Mimi si mutoto. Lete huyo binti nyumbani tumuone. Binti ya watu hafichwi kwa matope."

Gracien alicheka tu, akaenda kuoga. Loyi akaanza kupika obundu ya kuzidi kidogo, endapo mgeni atakuja.

Mvua za mwezi wa tano mwaka 2018 zilinyesha bila adabu. Mbambu alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, mimba ya kwanza, na mumewe Bright alibaki Kasese akifanya kazi yake ya umeme, kisha mito ikafura na barabara ikakatika katikati yao. Uchungu ulianza alfajiri. Gracien alikuwa ameshateremka kwenda kazini. Robinah, jirani aliyewapokea watoto wengi wa mtaa ule, alimpapasa Mbambu tumbo, akapapasa tena, kisha akamvuta Loyi nje.

"Mutoto amelala vibaya," alisema. "Hii ni ya hospitali. Enda ugonge rimu."

"Tutatembea," Loyi akasema.

"Loyi, huyu hawezi kutembea."

"Tutamushika, wewe huku, mimi huku. Polepole tutafika."

Hapo ndipo Loyi alipokosea. Alijua kwamba anakosea, lakini afadhali matope kuliko kusimama mbele ya watu na kusikia nyumba zote zikiitwa isipokuwa yake. Walimkokota Mbambu katikati yao, akipiga magoti kila uchungu ulipombana, hadi pale njia inapopita kando ya Jiwe la Mihogo kwenda Bwera. Njia haikuwepo. Mlima ulikuwa umemeguka na kushuka nayo, ukaacha tope jekundu na migomba iliyogeuka mizizi juu. Kilichobaki kilikuwa ukuta wa jabali lenyewe, na chini yake barabara, karibu kiasi cha kuona paa la gari lililosimama.

Walirudi. Asubuhi nzima ilipotea hivyo. Walipofika kanisani midomo ya Mbambu ilikuwa imepauka, naye alikaa barazani akamwegemea Robinah.

"Mama," alisema, "gonga."

"Nikigonga, nani atakuja?"

"Gonga tu, Mama. Nakufa."

Loyi aliokota jiwe. Mara ya kwanza jiwe liliteleza na kumponda kidole. Mara ya pili rimu lililia. Aligonga tena na tena, akilia naye, hadi Robinah alipomwita aache kwa sababu watu walikuwa wameshafika.

Walitoka kwenye migomba na kwenye kahawa, wengine na majembe mkononi. Wa klabu walikuwa wameshavaa kofia zao, maana tangu mlima ulipomeguka asubuhi ile walikuwa wakikagua njia. Zedekia alikuja na mduara wa kamba begani.

"Nani mgonjwa?"

"Mbambu yangu," Loyi alisema. "Afande, najua nyumba yangu haina... Najua niliwatukana. Mimi nitapiga magoti hapa, lakini huyu mutoto hakufanya kitu."

"Mama, ngoja kwanza. Tuite."

Akasimama wima kama yuko gwarideni, akaanza. Nyumba ya Asanasio, mke mkubwa? Iko. Mke mdogo? Iko. Nyumba ya Robinah? Iko, alisema mwanawe. Loyi aliinamisha kichwa. Aliyajua majina hayo kwa mpangilio wake, na alijua mahali hasa ambapo zamani ya Syahuka ilikuwa inakuja. Alitamani dunia ipasuke kidogo imfiche mpaka pale papite.

"Nyumba ya Loyi?"

Alifungua mdomo aeleze kwamba yeye ni mjane na kwamba amesamehewa.

"Iko," sauti ilisema nyuma yake.

Ilikuwa ya Gracien. Alikuwa amesikia kazini kwamba mlima umemeguka, akapanda kwa kukimbia kwa njia ya kuzunguka, kofia ya njano imepinda kichwani, grisi ya pikipiki bado mikononi. Loyi aliwatazama watu mmoja mmoja. Hakuna aliyeshangaa. Robinah aliangalia vidole vya miguu yake mwenyewe huku akijizuia kutabasamu. Mtaa ule, ambao haukuwahi kutunza hata siri ya nani amechinja kuku, ulikuwa umetunza hii.

"Unashangaa nini, Mama?" Zedekia aliuliza. "Hiyo nyumba haijakosa hata siku moja. Sasa toka kwa njia, tubebe."

Wakabeba. Juu ya Jiwe la Mihogo kulikuwa na muhogo wa Loyi, umefunikwa nailoni kungoja jua, umeketi palepale wanaume walipotakiwa kusimama. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Loyi mwenyewe ndiye aliyeusukuma kando kwa miguu, mwingine ukaporomoka bondeni, wala hakugeuka kuutazama.

Kamba mbili zilifungwa, moja ya kubeba na moja ya akiba, kwenye vyuma ambavyo klabu ilivigongelea jabalini kwa mazoezi yake ya Jumamosi, vile vyuma ambavyo Loyi aliwahi kuapa kuving'oa. Mackline aliteremka kwanza ili amngoje mgonjwa chini. Mbambu alifungwa kwenye machela kwa blanketi na mikanda, kisha Gracien akajifunga kando yake. Kazi yake ilikuwa kushuka nayo, miguu ikikanyaga ukuta, akiisukuma machela isijigonge.

"Legeza," Zedekia aliamuru, na watu waliopanga mstari nyuma wakalegeza. "Polepole. Legeza."

Loyi alilala kifudifudi ukingoni, Robinah akimshika miguu. Aliiona kofia ya njano na blanketi vikishuka. Walipofika nusu ya ukuta, Mbambu alipiga kelele.

"Simama," Gracien aliita kutoka chini. "Uchungu imemubana. Musimame."

"Simama. Kaza," Zedekia akarudia.

Mstari mzima ukakaza. Wazee, vijana wa Kasese, Wakongo, mwana wa Robinah, shemeji wa Asanasio, wote walizamisha visigino kwenye tope na kushika, bila mtu kusema neno, wakingoja uchungu wa binti mmoja upite. Kutoka chini ilisikika sauti ya Gracien ikimwambia Mbambu apumue naye, ndani, nje, ndani, nje. Loyi hajawahi kusikia kimya kama kile, na siku zote alizobakiwa nazo hataacha kumshukuru Mungu kwa kimya kile.

"Sasa iko sawa," Gracien aliita. "Mulegeze."

Walisimama hivyo mara kadhaa kabla machela haijagusa ardhi. Mackline alipunga mkono. Gari la kwanza lililopita barabarani lilikuwa la mfanyabiashara wa vitunguu, akayamwaga magunia yake kando ya barabara bila ubishi na kumpakia mzazi.

Loyi alizunguka kwa njia ndefu. Alipofika hospitali ya Bwera jua lilikuwa limeinama, na Mackline alikuwa amemngojea langoni makusudi ili asiulize watu wengine. Walimpasua, alisema, na wote wawili wazima. Mvulana. Loyi aliketi chini palepale getini.

Jina halikuhitaji mjadala. Mvulana wa kwanza kwa Wakonzo ni Baluku, apende asipende. Lakini jina la ubatizo huachwa kwa wenyewe, na Bright alipopatikana kwa simu, akilia na kucheka kwa zamu, Loyi alimwambia kwamba mtoto ni Baluku Gracien, na kama ana lingine alimeze. Bright akasema hana lingine.

Gracien mwenyewe alikuwa amekaa kwenye nyasi nje ya wodi, amevua viatu. Loyi alikwenda akaketi kando yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Gracien hakujifanya kutoelewa. "Tangu mwezi nilifika. Kulikuwa muzee moja ya kubeba. Afande aliita manyumba, akafika fasi ya bwana yako, akanyamaza. Niliona batu banaangalia chini. Nikasema, iko."

"Na haukuniambia."

"Ungenikataza, Mama. Niliwaomba wote banyamaze."

Ni kweli, angemkataza. Loyi alilitafakari hilo na kuona aibu. "Na binti ya matope?"

"Hakuna binti, Mama."

"Miaka hii yote napika ya kuzidi?"

"Nilikuwa nakula yote," Gracien alisema kwa upole. Kisha akachuma jani la nyasi na kulivuta vuta kabla ya kuendelea. "Nilifika kwako na mfuko tu. Haukuniuliza nilitoka fasi gani, ulinipatia kitanda ya bwana yako. Kule Beni, nyumba ya baba yangu ilisha kuungua. Hakuna mutu alibakia wa kuita jina yake. Nilipenda tu nisikie nyumba moja inaitwa, na mimi naitika."

Loyi alilia bila kujifunika uso. Alimshika mkono wenye grisi, akamwambia asante, mwanangu, asante, akalirudia neno hilo mpaka Gracien akaanza kuona haya na kutafuta viatu vyake. Miaka yote alidhani nyumba yake imefutwa, na kumbe ilikuwa ikiitwa mvua na jua, ikibeba wagonjwa wa watu, ikirudi jioni na tope masikioni ili yeye aigombeze. Moyo wake ulijaa shukrani kiasi cha kumuuma.

Kabla ya wiki kwisha alimfuata Zedekia akiwa na beberu wake mkubwa, amemfunga kamba mpya shingoni.

"Mbuzi peleka nyumbani," Zedekia alisema. "Ukitaka kushukuru, Jumamosi kuja ushike kamba."

Alikwenda, na mtaa mzima ukaja kutazama. Alifundishwa kuipitisha kamba kwenye pete ya chuma kiunoni, kuiachia polepole, na kukaa chini kwa uzito wake wote aliye juu anapoteleza. Kijana aliyepanda siku hiyo aliteleza kweli, na Loyi hakutikisika hata kidogo.

"Wewe ni muzito vizuri, Mama," Zedekia alimsifu. "Zamani hapa tulikuwa tunafunga kwa mti."

"Kwa hiyo mimi ni mti?"

"Bora kuliko mti. Mti haisikii amri."

Mstari wa mawe ukapangwa juu ya jabali, muhogo upande huu, kamba upande ule, na anayevuka bila kuvua viatu alijua cha kutegemea. Loyi hakuacha kugomba. Sema sasa aligomba akiwa amevaa kofia ngumu ya bluu.

Kahawa ilipoanza kuiva aliwaita wazee. Aliwapa tena chai, na safari hii maneno yalikuwa yake. Aliwaonyesha ukanda wa shamba unaopakana na jabali, akasema anampa Gracien ajenge. Mzee mmoja aliuliza kama amefikiri vizuri, kumpa mtu wa kuja. Loyi alimuuliza mzee huyo mgongo wake uliteremkaje Bwera mwaka jana, na nani alishika mti wa mbele wa machela. Mzee akanywa chai yake.

Klabu ilijenga. Udongo, fito, mabati, na dirisha moja linalotazama upande wa Kongo. Kwa desturi ya mtaa ule nyumba haiitwi kabla haijapikiwa, basi Loyi alikwenda na mafiga yake mwenyewe, akakoka moto na kusonga obundu ya kwanza. Mbambu alikuja na mtoto mgongoni, Bright na soda. Gracien alikula akitazama kuta zake. Aliporudisha sahani alisema chakula hakikuzidi hata kidogo, na Loyi alijua ni namna yake ya kusema asante.

Rimu lililia kabla ya Krismasi, asubuhi ya jua zuri. Jamidah, muuza samaki, alikuwa ameteleza kwenye njia mpya chini ya jabali na kuvunjika mguu, kikapu kimekwenda huko na yeye huku. Loyi hakuwa na haja ya kukimbia. Alikuwa juu ya jiwe tayari, anageuza muhogo. Watu walipanda, kamba zikafungwa, na Gracien, ambaye siku hizi ndiye aliyekuwa akishuka kwanza, aliketi ukingoni, miguu yake ikining'inia.

Zedekia alisimama wima, akaita. Asanasio, mke mkubwa. Mke mdogo. Robinah. Zote zilikuwepo.

"Nyumba ya Loyi?"

"Iko," Gracien aliitikia kutoka ukingoni, kama kawaida yake.

"Nyumba ya Gracien?"

Zedekia mwenyewe alisita alipolisema, maana ilikuwa mara ya kwanza. Gracien alifungua mdomo. Kisha akamkumbuka mzee Asanasio, kama kila mtu pale alivyomkumbuka, akaufunga. Alikuwa bega la nyumba ya Loyi na bega ni moja. Hatimaye alikuwa na nyumba inayoitwa, lakini hakukuwa na mtu wa kuiitikia.

Loyi aliweka chini kipande cha muhogo. Alijifuta viganja kwenye kitenge, akavuka mstari wa mawe, akavaa kofia yake ya bluu na kujifunga mkanda. Aliichukua kamba ya Gracien, akaipitisha kwenye pete kama alivyofundishwa, akaketi chini kwa uzito wake wote.

"Iko," alisema.

Gracien aligeuka akamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu anayening'iniza miguu juu ya bonde.

"Angalia chini," Loyi alimwambia. "Mutu anangoja."

"Kaza, Mama," Zedekia aliamuru, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka jeshini, ilikuwa ndogo.

Loyi akakaza.